Waliohudhuria Baraza

Vijana wawili wa ofisi ya wadi walifika na kopo la rangi nyekundu siku ya Jumanne, siku ya soko, watu wa Ngarurini wakiwa tele barabarani na kila mmoja ana macho yake. Walimkuta Mzee Kasim ameketi juu ya kitu chenyewe walichotumwa kukitia alama. Walimsalimia vizuri, hilo tusiwanyime. Halafu mmoja akasema, "Mzee, inua miguu kidogo tu, tumalize."

Kasim akainua miguu. Mtu wa miaka sabini na minne, aliyewachinjia watu wa mji huu ng'ombe kwa miaka arobaini, akainua miguu yote miwili hewani na kijana akapitisha brashi chini yake. Wakachora X mbili kwenye baraza na moja kwenye ukuta wa mbele, wakamwachia karatasi, wakaenda zao. Kina mama wanaouza muguka, yale majani ya kutafuna, ng'ambo ya barabara walitazama upande mwingine kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mkewe, Rahema, alitoka na birika la chai na beseni la mahamri, maana siku za soko huuzia hapo barazani. Aliiona rangi kwanza, kisha akamwona mumewe.

"Niliinua miguu," Kasim akamwambia. "Sijui kwa nini niliinua."

Karatasi ilisomwa saa saba, binti yao Jamilah aliporudi kutoka shule ya chekechea anakofundisha. Ilisema kwamba baraza, ukumbi na chumba cha mbele cha nyumba ile vimo ndani ya eneo la mradi wa vibanda ishirini vya kisasa, na kwamba mwenyewe anapewa siku kumi na nne kuviondoa, ama viondolewe. Ilisema pia kwamba wakazi walielezwa kuhusu mradi huo na kuuridhia katika baraza la chifu la tarehe sita Machi, tazama orodha iliyoambatishwa. Orodha ilikuwa na watu arobaini na wawili. Wa kumi na saba alikuwa Rahema Kasim, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na mbele yake sahihi yake mwenyewe, ile yenye mkia mrefu aliyojifunza darasa la saba.

Jamilah aliinua macho. "Mama, ulisaini?"

"Nilisaini soda," Rahema akasema.

Ilikuwa soda ya machungwa, na ilikuwa moto. Aliikumbuka vizuri sasa: siku ile barazani, aliyetia sahihi ndiye aliyepewa.

Ukimpa Kasim kikombe cha kahawa na sikio atakueleza baraza lile lilikotoka, na ingawa kila mwaka hutia chumvi zaidi, mfupa wa hadithi haubadiliki. Babu yake, Jamaldin, aliletwa huku bara kutoka pwani kama mpishi wa mzungu mmoja mpimaji wa ardhi. Mzungu aliporudi kwao, Jamaldin alibaki, akaoa, akajenga. Kabla hata hajaezeka paa alijenga benchi la mawe nje ya mlango, kwenda urefu wote wa ukuta, kwa sababu kwao pwani nyumba isiyo na baraza ilikuwa nyumba ya mtu asiyetaka watu. Na neno lilikuwa na maana hiyo tu. Baraza ni pale nje, mpita njia anaketi bila kualikwa, anapewa kahawa, anaeleza habari za alikotoka, anaondoka. Mwenye nyumba huketi wa mwisho, na nafasi ikiwa imejaa husimama.

Halafu akaja mkuu wa wilaya wa enzi za wakoloni, akitembelea wilaya, na hakupata kiti kingine kilichonyooka katika eneo zima. Aliketi barazani kwa Jamaldin siku tatu, akisikiliza kesi na kudai kodi ya vibanda. Watu wa hapa hawakuwa na benchi kama lile wala neno lake. Walikuwa wakisema Kimbeere, wakaitwa barazani, wakaenda, wakatozwa. Wao neno walilipokea pamoja na kodi. Miaka michache baadaye chifu alijengewa kambi yake yenye bendera, kilomita moja kutoka hapo, na baraza likahamia huko. Jina lilihama, mawe yakabaki. Kule kambini aliyeketi alikuwa chifu peke yake. Watu walisimama juani, na asiyefika alitozwa kuku. Kasim mwenyewe, akiwa kijana, alitozwa kuku na serikali huru kwa kukosa baraza moja, na mpaka leo anaweza kukuambia kuku huyo alikuwa wa rangi gani. Redioni nako akasikia kuna baraza la mawaziri, linalokaa kwenye meza ndefu ambayo hajapata kusikia mpita njia ameketi hapo.

"Na siku hizi baraza ni karatasi," alimwambia Jamilah jioni hiyo. "Watu wakishatia sahihi, baraza limekwisha. Yanayosemwa ni ya kupitisha muda soda ziletwe."

Rahema alikuwa amepiga magoti mbele ya baraza. Alikuwa amechukua kitambaa na mafuta ya taa, anasugua ile rangi. Haikutoka, lakini aliendelea kusugua.

*

Chifu Kithaka si mtu mbaya, na anayetaka hadithi ya chifu mbaya atafute mahali pengine. Huhudhuria mazishi yote. Alimkaribisha Rahema ofisini kwa jina la mama Jamilah, akamwomba aketi. Kiti cha wageni kilikuwa na mafaili juu yake mpaka kiunoni mwa mtu, na hakuna aliyeyaondoa, hivyo akasimama. Pembeni alikuwapo Gedion, karani, kijana msafi wa viatu vyeusi, ambaye ndiye hupitisha orodha katika mabaraza yote.

Rahema aliweka karatasi mezani. Chifu akaitazama, akaweka kidole kwenye nambari kumi na saba.

"Hii saini si yako?"

"Ni yangu. Lakini chifu, siku hiyo tuliitiwa maneno ya basari, ya karo za watoto."

"Mama, baraza ni baraza. Maneno huwa mingi. Kama hukusikia ya vibanda, labda ulikuwa umetoka nje."

"Nje ya wapi? Tulikuwa uwanjani."

Gedion alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Chifu alimweleza Rahema kwa upole kwamba mradi umetoka kwa mwakilishi wa wadi, kwamba pesa zake zitarudi zikikaa mpaka mwaka wa serikali ufungwe mwezi wa sita, na kwamba vibanda ni maendeleo, hata yeye anaweza kuomba kimoja. Kweli ni kwamba mwakilishi alitaka orodha upesi, na orodha ya baraza la basari ndiyo iliyokuwa karibu. Chifu aliambatisha akijua, akajiambia ni mara moja tu. Hilo hakumweleza.

Akauliza kitu kingine. "Na kwenu hasa ni wapi, mama?"

"Hapa."

"Hapa ni kwa kila mtu. Nauliza kwenu, kwa asili."

Rahema alikuwa amezaliwa nyuma ya soko la Ngarurini, na mama yake pia. Babu yake mmoja alikuwa Mnyamwezi, mwingine Mkamba aliyesilimu, na bibi yake mmoja Mmbeere wa ukoo uliomkataa siku alipoolewa. Angeyasema yote hayo yangekuwa kicheko kingine cha Gedion. Aliona aibu, na aibu ikamgeukia hasira, na hasira ikamnyoosha mgongo.

"Chifu," akasema, "ukipata mahali pengine panaponijua, uniambie niende."

Chifu alishusha pumzi. Alisema yeye hana neno, sheria ipo wazi. "Lete hao watu arobaini na wawili, wakane saini zao. Ukiwaleta, mimi ndiye wa kwanza kukusaidia." Alisema hivyo akiweka mkono juu ya rundo la fomu za basari zilizokuwa zikingoja muhuri wake, na nusu ya majina yaliyokuwa kwenye fomu hizo yalikuwa kwenye orodha. Alidhani mama ataelewa. Rahema alielewa sana, akamshukuru, akatoka akiwa ameshachukua maneno yale kama kazi aliyopewa.

Kesho yake alikwenda Siakago, kwenye ofisi za serikali, na barua aliyoiandika na Jamilah. Afisa wa mipango aliyempokea, Madam Ruguru, alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Aliisoma barua yote, jambo ambalo Rahema hakulitegemea. Akamwambia kwamba barua ya mtu mmoja haiwezi kusimamisha mradi. Lakini Ijumaa ya wiki ijayo anakuja Ngarurini kuona mahali penyewe kabla ya kazi kuanza. Wale waliotajwa kwenye orodha wakiwapo, na wengi wao wakisema mbele yake kwamba hawakuelezwa, mradi utarudishwa. Wasiposema, Jumanne tingatinga linaingia.

"Waseme wao wenyewe," Madam Ruguru akasisitiza. "Si wewe useme kwa niaba."

*

Jamilah alinakili majina yote kwenye daftari la shule, na kwa siku nane Rahema alitembea nalo. Alianza na walio karibu. Alienda kwa viatu vya mpira, kwa sababu vile vya ngozi vingeisha kabla ya majina. Wengine walimficha kwamba wapo, akasikia redio ikizimwa ndani. Wengine walimpa kiti na uji, wakamsikiliza, wakasema watafika, na yeye akajua kwa jinsi walivyoharakisha kukubali kwamba hawatafika. Mzee mmoja wa upande wa Karurumo, aliyekuwa amekuja barazani siku ile kwa ajili ya mjukuu, alimwambia wazi kwamba yeye hana ugomvi na serikali, na nyumba si yake.

Kaari, anayeuza muguka mbele ya baraza la Kasim na kunywa chai ya Rahema kila siku ya soko, hakumficha kitu.

"Mama Jamilah, fomu ya kijana wangu iko pale kwa meza. Haijagongwa muhuri. Nikisimama nikatae saini, unafikiri itagongwa?"

"Sijui."

"Mimi najua. Usinikasirikie."

Rahema alisema hajakasirika. Alikuwa amekasirika, lakini si kwa Kaari. Alichofanya ni kumuuliza swali alilokuwa akiwauliza wote: siku ile, tarehe sita, ni nini anachokumbuka kilisemwa.

Kaari alifikiri, kisha akacheka, akasahau kidogo kwamba ana huzuni. "Ukweli? Nakumbuka tu maombi ya Hezekiah. Alifunga na maombi mpaka soda zikachemka."

Rahema alisimama pale pale na daftari lake. Kwa siku tano watu walikuwa wakimjibu hivyo. Mmoja alikumbuka basari na maombi. Mwingine alikumbuka ng'ombe, kulikuwa na maneno ya chanjo ya ng'ombe, halafu maombi marefu. Mwingine alikumbuka kwamba mguu wake ulikufa ganzi wakati wa maombi. Alikuwa akiandika majibu hayo na kuyaona ya kijinga. Sasa akaona kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua na hakuna anayekifikiria: kwamba baraza halifungwi bila maombi, na anayefunga humkabidhi Mungu kila lililosemwa, moja moja, ili lisianguke njiani.

Hezekiah Njue ni shemasi wa kanisa na fundi viatu, na kazi yake huifanyia mwisho kabisa wa baraza la Kasim, upande wenye kivuli asubuhi. Amekaa pale miaka kumi na tisa na Kasim hajamwomba kodi. Amefunga mikutano kwa maombi kwa miaka thelathini, ya kanisa, ya mazishi, ya shule na ya chifu, na sifa yake ni kwamba hasahau jambo. Watu humcheka kwa urefu wa maombi yake lakini humwita yeye, kwa sababu mwenye maombi mafupi huacha mambo nje. Wakati wengine wanasinzia mkutanoni, yeye huhesabu mambo kwa vidole ndani ya mfuko wa koti.

Rahema aliketi karibu naye, katikati yao kiatu kisicho na soli.

"Hezekiah, tarehe sita uliombea nini?"

Hakuhitaji kufikiri. "Basari. Chanjo ya ng'ombe. Vijana na pombe. Mvua. Wageni wetu wasafiri salama." Alifika kidole cha tano na kukunja ngumi.

"Na vibanda?"

Hezekiah alichukua sindano, akaitazama, akairudisha. Mjukuu wake Karwirwa yuko kidato cha pili, shule ya bweni, na amerudishwa nyumbani mara mbili kwa karo. Fomu yake ilikuwa kwenye rundo lile lile.

"Havikuwapo," akasema mwisho. Halafu, kwa sauti ndogo, "Nimeiona ile rangi kila siku, mama Jamilah. Nakaa juu yake. Sijakosa kuiona."

"Basi Ijumaa useme hivyo."

"Nitakuombea."

"Kuomba naomba mwenyewe. Nataka useme."

Hakuahidi. Rahema hakumbembeleza tena, maana aliogopa kwamba akisema neno moja zaidi litakuwa la kumkumbusha kodi ambayo Kasim hajapata kumdai, na hilo Kasim asingemsamehe. Alisimama akaenda kwa jina la thelathini na moja.

*

Ijumaa watu wa orodha waliofika, pamoja na Rahema mwenyewe, walikuwa ishirini na sita. Rahema aliwahesabu mara mbili, moyo ukimpanda. Kaari alikuwapo, amejifunika leso mpaka machoni utadhani leso itamficha. Chifu Kithaka alifika na kofia yake na Gedion, na Gedion alikuwa amebeba viti viwili vya plastiki kichwani. Kasim, aliyekuwa amevaa kanzu na koti, alisimama mlangoni.

"Viti vya nini?"

"Vya wageni, mzee," Gedion akasema.

"Hapa pana pa kuketi."

Nusura yawe maneno, lakini gari la Madam Ruguru lilifika na vumbi lake, akashuka, akatazama viti, akatazama baraza na zile X, akaketi barazani. Chifu hakuwa na la kufanya ila kuketi naye. Wakaketi na wengine, wakabanana, walioshindwa wakasimama barabarani. Kasim alingoja mpaka mwisho, kama babu yake, akajipenyeza ukingoni karibu na mlango. Viti vya plastiki vilibaki juani.

Mkutano ulifunguliwa kwa maombi mafupi ya mama mmoja wa kanisa. Madam Ruguru alieleza kilichomleta, akasoma majina, wale waliokuwapo wakaitika. Akauliza, bila kuzunguka, kama siku ya tarehe sita Machi walielezwa kuhusu vibanda na kuvikubali.

Macho yote yakaenda kwa chifu.

Chifu alijipangusa shingo na leso. "Mwenye kusema hakuelezwa, aseme," akasema kwa upole ule ule. "Hakuna wa kumkataza. Mimi naona nyuso nazijua zote hapa. Wengine juzi walikuwa ofisini kwangu, wengine Jumatatu watakuja."

Kaari alitazama magoti yake. Mtu mmoja aliyemuapia Rahema kwamba atasema alianza kubonyeza simu iliyozimwa. Rahema alifungua mdomo, Madam Ruguru akamtikisia kichwa: si wewe. Akaufunga, na hajawahi, tangu azaliwe katika mji ule, kujiona mgeni kama dakika ile. Aliwachukia. Halafu akakumbuka lile rundo la fomu, akashindwa kuwachukia.

Madam Ruguru aliuliza mara ya pili. Akangoja. Akauliza ya tatu, kisha akafunga faili, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa ametaka iwe vingine.

"Basi. Tufunge."

Chifu akageuka mwisho wa benchi, kama alivyogeuka kwenye mikutano mia moja. "Mzee Hezekiah, tufungie na maombi. Leo fupisha."

Hezekiah alisimama. Alivua kofia. Wanaume wengine nao wakavua, vichwa vikainama, macho yakafungwa, Rahema na Kasim wakafungua viganja kwa namna yao. Alianza kama kawaida, akamshukuru Mungu kwa jua, kwa safari ya madam kutoka Siakago, kwa mawe haya tuliyokalia. Akamkabidhi swali lililoulizwa mara tatu. Akamkabidhi kimya.

"Na tena, Baba," akaendelea, "unajua tarehe sita mwezi wa tatu nilisimama mbele yako. Nilikukabidhi basari. Nikakukabidhi ng'ombe. Nikakukabidhi vijana wetu na pombe, na mvua, na wageni. Sikuacha kitu, Baba, wewe wajua mimi siachi kitu. Vibanda sikukutajia. Sikukutajia kwa sababu havikutajwa na mtu. Kama vilitajwa, basi siku hiyo mimi nilikuficha jambo, na hawa wote wakaitikia amina juu ya uongo, na chifu pia akaitikia. Niadhibu mimi, wao uwaache. Lakini kama havikutajwa, waitikie tena leo vile waliitikia siku ile."

Hakuna mtu wa Ngarurini anayekatiza maombi. Chifu alifungua macho, akafungua mdomo, kofia mkononi, akaufunga. Maombi yalifika mwisho wake, na mwisho huo ukangoja.

"Amina," akasema Kaari ndani ya leso.

Halafu wakaitikia. Hawakuitikia pamoja kama kanisani. Waliitikia mmoja mmoja, kila mtu akimsikia jirani yake na kuona haya kubaki nyuma, mpaka wa mwisho, yule wa simu. Rahema aliitikia kwa sauti kuliko alivyokusudia, na machozi yakamtoka hadharani, naye hakuyafuta.

Madam Ruguru alikuwa amefungua faili tena. "Sasa mfungue macho," akasema. "Aliyeitikia, ainue mkono. Macho wazi."

Mikono ishirini na sita. Wa Kaari ulikuwa nusu, ukapanda.

"Chifu, wewe uliitikia siku ile?"

Kithaka aliizungusha kofia yake. Angeweza kusema lolote, na kwa muda mrefu alionekana anachagua. Pengine ni kwa sababu alikuwa ameketi benchi moja na wengine, bega lake limebanwa na bega la fundi viatu aliyekuwa ameketi tena. "Niliitikia," akasema.

Afisa aliandika. Akaeleza kwamba mradi unarudi ofisini, na kwamba ukija tena utakuja na baraza lake, la maneno ya vibanda na si ya kitu kingine, na wenye nyumba wataketi mbele. Hakusema hautakuja tena. Rahema alilisikia hilo vizuri.

Chifu alipokuwa akiinuka alimwambia Hezekiah, bila kumtazama, kwamba Jumatatu asisumbuke kuja kuuliza habari za fomu, ofisini kuna kazi nyingi.

"Nitakuja," Hezekiah akasema. "Na Jumatatu ingine pia nitakuja. Nitaketi pale nje."

"Nami nitakuwa naye," akasema Kaari, kisha akashangaa kwamba ni yeye aliyesema.

Ilibaki orodha, maana hakuna mkutano wa serikali usio na orodha. Gedion aliitoa kwenye faili lake, safi, yenye mistari, juu imeandikwa *Waliohudhuria Baraza*, akamkabidhi Rahema kalamu kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Rahema alisoma yale maneno mawili. Akairudisha karatasi.

"Andika kwanza kilichosemwa."

"Hiyo huandikwa baadaye, mama. Ofisini."

"Andika hapa juu. Kwamba tumeulizwa tarehe sita tuliambiwa vibanda, na tumesema hatukuambiwa. Ukimaliza nisomee, ndio nisaini."

Gedion alimtazama chifu, chifu akamtazama madam, na madam alikuwa anatazama chai iliyokuwa ikimiminwa na Jamilah. Kijana akaegemeza karatasi kwenye goti, akaandika. Mistari mitatu. Akasoma kwa sauti, Hezekiah akihesabu kwa vidole ndani ya mfuko. Rahema akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, ya kwanza, na kalamu ikaanza kutembea barazani mkono kwa mkono.

Karatasi ilipofika ng'ambo ya mlango, Gedion alitaka kupita ili aichukue. Nafasi ilikuwa ndogo, na miguu ya Mzee Kasim ilikuwa njiani, viatu vyake vikubwa vya buchani vimekaa chini kabisa, juu ya ile rangi nyekundu.

"Mzee," Gedion akasema, "inua miguu kidogo."

Kasim alipuliza chai yake, akanywa. Gedion akangoja. Kisha akazungukia barabarani.